Usione haya kusema unasomea fasihi

Kuna swali utaulizwa mwaka huu kama bado hujaulizwa. Litatoka kwa shangazi yako kwenye harusi, kwa kondakta aliyeona begi lako la chuo, au kwa babake rafiki yako mkinywa chai. "Unasomea nini?" Utajibu: historia. Au fasihi. Au falsafa, isimu, Kiswahili, dini. Kutakuwa na kimya kidogo, kisha lije swali la pili: "Sasa na hiyo, utafanya kazi gani?"

Mimi hilo swali la pili lilinishinda. Nilipoitwa chuo kikuu kusomea Shahada ya Sanaa, fasihi na historia, niliona haya hadi nikaanza kudanganya. Mtaani kwetu Kayole niliambia watu nasomea "mambo ya kompyuta". Hata nyumbani nilisema hivyo hivyo. Barua ya kuitwa chuo niliisoma mimi, fomu za HELB nikazijaza mimi, kwa hivyo hakuna aliyejua. Ni uongo rahisi sana. Ukisema kompyuta, hakuna anayekuuliza swali la pili. Kazi yako inabaki tu kutazama simu za majirani zikikwama, na hiyo hata mtoto wa darasa la sita anaiweza.

Sasa sikiza uongo huo ulivyotugharimu.

Mama anauza mboga. Yeye na wenzake wanne walikuwa na kikundi, wakachukua mkopo kwa kampuni moja ya mikopo midogo, kila mmoja elfu arobaini. Karatasi zililetwa: kurasa sita za Kiingereza, herufi ndogo kama mchwa. Afisa aliyezileta akawaeleza kwa mdomo kwamba kila mtu atalipa chake kila wiki. Wakatia sahihi. Miezi minne baadaye, wawili wakaacha kulipa. Mmoja alihama usiku na simu yake haipatikani hadi leo. Kampuni ikawageukia waliobaki.

Nilipoonyeshwa zile karatasi, jibu lilikuwa ukurasa wa nne. Sentensi moja ilisema wakopaji wote watano wanawajibika kwa deni lote, "kwa pamoja na kila mmoja peke yake". Kwa Kiingereza ni maneno matatu tu. Maana yake ni kwamba kampuni inaweza kumfuata yeyote kati yao, hata mmoja tu, kwa pesa zote zilizobaki. Afisa hakuwa amelitaja jambo hilo.

Nikamuuliza mama kwa nini hakunipigia simu kabla ya kutia sahihi. Aliniangalia kama mtu asiyeelewa swali.

"Nikupigie ya nini, na wewe unasoma mambo ya kompyuta? Hii ni karatasi ya maneno."

Nilinyamaza. Muhula huohuo mwalimu wetu wa fasihi alikuwa akitukalisha na ukurasa mmoja saa mbili nzima. Nani anazungumza hapa? Anamwambia nani? Neno hili limewekwa hapa kwa nini? Ni nini kimeachwa nje? Hiyo ndiyo kazi niliyokuwa nikifanya kila siku, na nilikuwa nimeanza kuiweza. Lakini niliificha kwa sababu nilidhani haina thamani, na mtu aliyekuwa akinilipia karo hakujua anaweza kuitumia.

Mama alilipa deni lake, kisha akalipa sehemu ya deni la wenzake kwa miezi saba. Karo yangu ya muhula ule ilichelewa, na sikuwa na mdomo wa kulalamika.

Ndiyo maana nataka tuongee, mimi na wewe uliyefungua ukurasa wa KUCCPS ukapata umewekwa kwenye kozi ya sanaa, moyo ukaanguka. Au wewe uliyeichagua mwenyewe kwa kupenda, lakini ukifika nyumbani unasema kwa sauti ya chini.

Kwanza tusidanganyane. Kazi ni chache. Tunawajua watu wenye shahada wanaotembea na bahasha ya kaki kutoka ofisi moja hadi nyingine, na wengi wao walisomea sanaa. Serikali nayo haijaficha inakoelekea: katika mtaala mpya, imesema inataka asilimia 60 ya wanafunzi wa sekondari ya juu wafuate mkondo wa STEM, yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Nchi inahitaji wahandisi, sipingi. Na mzazi anayeamka saa kumi kwenda Marikiti ndiyo ulipiwe karo ana kila haki ya kukuuliza utafanya kazi gani. Swali hilo si tusi. Kosa letu ni kulikimbia.

Lakini hebu tuliangalie vizuri hili neno "soko", maana ndilo tunalopigwa nalo kila siku. Eti kozi fulani ina soko, ile nyingine haina.

Bila shaka unamjua mtu aliyekuwa akiandika usiku. Kwa miaka mingi, vijana wa Nairobi, Juja na miji mingine ya vyuo wamekesha wakiwaandikia wanafunzi wa Marekani na Uingereza insha za darasani kwa malipo. Watu wamelipa kodi ya nyumba kwa insha. Wengine wamenunua pikipiki, wengine wamesomesha ndugu zao. Na insha hizo zilikuwa za nini? Plato. Shakespeare. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Maadili ya uuguzi. Yaani sanaa tupu.

Huko Marekani kuna vyuo vidogo, vingi vyao vya bei ghali, ambako mwanafunzi haruhusiwi kujifungia katika fani moja. Hata kama anasomea kemia, hamalizi bila kugusa falsafa, historia, fasihi au lugha ya kigeni. Sasa wazia mtoto wa chuo cha aina hiyo anatakiwa kuandika kurasa tano kuhusu haki ni nini. Anachoka, anafungua intaneti, analipa. Kurasa hizo zinaandikwa Kahawa Wendani saa nane usiku na kijana ambaye mchana anaambiwa kwamba kusomea mambo kama hayo ni kupoteza wakati.

Sisifu kazi hiyo. Ni udanganyifu, na kila mtu aliyeifanya anajua. Ninachosema ni kwamba soko lilikuwepo. Tulikuwa tunauza, ila bila jina letu.

Kisha Novemba 2022 ikaja ChatGPT, na oda zikaanza kukauka. Wengi wamelichukulia jambo hilo kuwa ushahidi kwamba maneno yamekwisha, kwamba sasa mashine itasoma na kuandika na sisi twende tukajifunze kitu kingine. Mimi naliona tofauti. Mashine ilichukua kwanza maandishi yasiyo na mwenyewe: kurasa tano ambazo aliyeziandika hakuziamini na aliyezinunua hakuzisoma. Mtu anayeweza kuangalia aya iliyopangwa vizuri akasema "hapa tunadanganywa", akaonyesha ni wapi, kisha akaweka jina lake chini, huyo bado anatafutwa.

Najua utaniambia kwamba leo mama angepiga picha ule mkataba na kuiuliza simu. Sawa, angeweza. Lakini ili uulize, lazima kwanza ushuku. Mama hakushuku. Afisa alikuwa amevaa tai, ameshamweleza kwa upole, naye akaamini. Kushuku karatasi nzuri mbele ya mtu mpole ni jambo mtu anajifunza, na darasa la fasihi au historia ni mahali pazuri pa kulijifunzia.

Kama unataka mfano mkubwa kuliko wa mama mboga wa Kayole, mwangalie Wangari Maathai. Wengi tunamjua kwa miti na kwa Tuzo ya Amani ya Nobel ya 2004. Alikuwa mwanasayansi, hilo halina ubishi. Mwaka 1960 alikwenda Marekani kupitia ile safari ya wanafunzi iliyosukumwa na kina Tom Mboya, akasoma katika chuo kidogo cha masista Wabenedikti mjini Atchison, jimbo la Kansas, mojawapo ya vyuo vya aina ile niliyokueleza. Alisomea biolojia, na pamoja nayo akachukua kemia na Kijerumani. Mwaka 1971 akapata shahada ya uzamifu hapa Nairobi.

Sasa ruka hadi 1989. Chama tawala kinataka kujenga jumba la orofa 60 ndani ya Uhuru Park. Maathai anapinga. Je, alipinga kwa darubini? Aliandika barua. Aliandikia ofisi za serikali, akaandikia mashirika ya kimataifa, akaandikia hata Ubalozi wa Uingereza, akiuliza kama Waingereza wangekubali jumba kama hilo lisimamishwe katikati ya Hyde Park, London. Alitukanwa bungeni na kwenye majukwaa. Aliendelea kuandika. Mwishowe wafadhili wakajiondoa na jumba halikujengwa. Ukikaa Uhuru Park Jumapili mkila njugu na mtu wako, umekaa juu ya barua za mwanabiolojia aliyejua kupanga hoja na kumchagua wa kumwandikia.

Kwa hivyo wewe wa uhandisi unayenicheka, nawe pia haya yanakuhusu. Kuna zile yuniti za pamoja ambazo kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hulazimika kufanya: stadi za mawasiliano, falsafa kidogo, maendeleo ya jamii. Tunaziita za kulala. Tunatuma mmoja asaini kwa niaba ya kumi. Wenzetu wanalipa mamilioni wapate masomo ya aina hiyo, sisi tunayakimbia yakiletwa hadi mlangoni.

Tuje karibu zaidi. Juni 2024 unaikumbuka, huenda ulikuwa barabarani. Mswada wa Fedha wa mwaka huo ulikuwa hati ndefu ya Kiingereza cha sheria ambayo, miaka ya nyuma, ingepita bila wengi wetu kujua ndani kuna nini. Safari hii vijana waliusoma. Wakatoa vifungu vya kodi ya mkate na kodi ya magari wakavieleza kwa video fupi. Wakautafsiri kwa Kiswahili na kwa lugha za nyumbani ili nyanya na babu waelewe. Kuna waliotengeneza programu ya kujibu maswali kuhusu mswada huo, na hapo wataalamu wa kompyuta walifanya kazi safi. Lakini hata programu hiyo ilihitaji mtu wa kuuliza swali linalofaa. Tarehe 26 Juni Rais akatangaza hatautia sahihi, siku moja baada ya watu kupigwa risasi Bungeni na katika miji kadhaa. Kuna wenzetu hawakurudi nyumbani.

Nataka ulione jambo moja katika hayo yote. Kabla ya mabango kulikuwa na kusoma. Mtu alikaa chini na kifungu kigumu, akajiuliza kinamaanisha nini kwa mwenye duka na kwa mwenye bodaboda, kisha akatafuta neno la Kikamba au la Kijaluo linalobeba maana hiyo bila kuipotosha. Hiyo ni kazi ya isimu, ya tafsiri, ya historia. Wengi walioifanya hawakuwa na shahada ya sanaa. Sasa fikiria wewe unayeisomea miaka minne ukishindwa kuifanya.

Na hapa ndipo ninapogeuza kidole kwetu sisi wenyewe. Sehemu ya dharau tunayopata tumejitafutia. Manze, tunasoma vibaya. Tunamaliza kozi ya riwaya bila kumaliza riwaya hata moja. Tunapitishiana noti zilizopigwa fotokopi tangu enzi za kaka zetu, tunazimeza usiku wa kuamkia mtihani, tunazitapika asubuhi. Wahadhiri wengine nao wanaingia, wanasoma kutoka karatasi iliyogeuka manjano, wanatoka. Mtu akimaliza hivyo kisha alalamike kwamba fasihi haikumpa kitu, amesoma fasihi gani?

Halikuwa hivyo tangu mwanzo. Mwaka 1968, wasomi watatu wa hapa Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Owuor Anyumba, waliandika waraka wakitaka Idara ya Kiingereza ivunjwe, na fasihi ya Afrika iwekwe katikati ya masomo badala ya kuwekwa pembeni mwa fasihi ya Uingereza. Waliuliza swali la msingi: kwa nini tunasoma hiki na si kile? Swali hilo bado ni letu. Noti za manjano zikiletwa darasani, inua mkono.

Basi ukiamua kubaki, fanya haya matatu. Si siri za utajiri, ni mambo ninayotamani ningeambiwa mwaka wa kwanza.

La kwanza, soma kitabu chenyewe. Si muhtasari wake, si video ya dakika tano. Chukua ukurasa mmoja na kalamu, upigie mstari kila neno usiloliamini. Ukiweza kufanya hivyo kwa riwaya, utaweza kwa mkataba wa nyumba, kwa barua ya kazi na kwa mswada.

La pili, ongeza ujuzi mwingine kando. Maathai alichanganya biolojia na Kijerumani. Wewe changanya historia na takwimu, fasihi na uhariri wa video, isimu na lugha ya ishara, falsafa na kompyuta. Ndiyo, ile kompyuta niliyodai nasomea, mwishowe nilijifunza kidogo, na inanisaidia. Waajiri wengi hawaajiri jina la kozi. Wanataka kuona unachoweza kufanya.

La tatu, kila muhula toa kitu kimoja nje ya darasa, chenye jina lako. Tafsiri maelezo ya zahanati ya mtaa wenu yasomeke na mgonjwa. Nenda Kibera ukae na wazee Wanubi, ambao babu zao walikuwa askari waliopewa makazi pale zama za ukoloni, urekodi wanavyoisimulia historia yao kabla haijapotea. Anzisha podikasti ya dakika kumi. Ukimaliza miaka minne utakuwa na vitu vinane mkononi. Bahasha ya kaki yenye cheti peke yake ni nyepesi, ila yenye vitu vinane inasikika ikitua mezani.

Sikuahidi kazi. Anayekuahidi kazi kwa sababu ya kozi fulani, iwe ya sanaa au ya sayansi, anakuuzia hewa, na wahandisi wanaoendesha teksi za simu watakueleza zaidi. Ninachokuambia ni kwamba unachosomea ni kazi tayari, na watu wanaokuzunguka wanaihitaji leo, kabla hujavaa joho.

Jioni ile ya karatasi nilimwambia mama ukweli. Nilimwambia hakuna kompyuta, ni fasihi na historia. Nilitarajia anigombeze. Alinyamaza, akageuza chapati, akauliza:

"Kwa hivyo kazi yako wewe ni kusoma vizuri?"

"Eeh, mama."

"Na umekaa na hiyo kitu miaka miwili, unaniangalia tu."

Akainuka, akaenda chumbani, akarudi na barua ya kanjo kuhusu leseni ya kibanda iliyokuwa imekaa chini ya godoro wiki tatu. Siku hizi si yake tu. Wenzake wa sokoni wananipigia, wananitumia picha za mikataba ya nyumba, barua za shule, ujumbe wa kampuni za mikopo. Wengine wananipa sukuma, wengine mia mbili, wengine asante. Na kila mmoja nikimaliza kumsomea, huwa namwambia kile ambacho karatasi haijasema.

Kesho ukiulizwa unasomea nini, jibu kwa sauti. Huenda anayekuuliza ana karatasi chini ya godoro.